Gari Lililoinuliwa Likilalia Upande: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mada kwa madereva, mafundi na wasimamizi wa magari ya huduma katika Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga



Wilaya ya Sumbawanga ina nchi mbili ndani ya nchi moja. Juu upo uwanda wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umekaa takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chini lipo bonde la Ziwa Rukwa, takribani mita 800. Katikati umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mwananchi wa Muze, Mtowisa, Milepa, Ilemba au Kaoze anapohitaji huduma ya rufaa, hana budi kupandishwa mita zipatazo elfu moja kwa barabara zenye kona kali, kama ile ya Ntendo hadi Muze au ile ya Kalambanzite hadi Ilemba. Kabla ya kuufikia mlima, gari hupita kwenye udongo mweusi wa mbuga, na wakati wa masika huvuka mito inayoshuka kwa nguvu kutoka milimani.

Kwa sababu hiyo, magari mengi yanayohudumia bonde huinuliwa. Springi za kiwandani hutolewa, zikawekwa nyingine ndefu au ngumu zaidi ili tumbo la gari lisiguse tope wala mawe. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ina faida. Hata hivyo, mara nyingi gari hutoka gereji likiwa limepanda, lakini limelalia upande mmoja. Dereva akiuliza, huambiwa kwamba springi ni mpya, zitashuka zenyewe. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine si kweli hata kidogo, na gari hilo ndilo usiku huohuo litaitwa kumchukua mama mjamzito kupitia mfumo wa m-mama, ule unaopigiwa namba 115.

Madhumuni ya mada hii ni kueleza namna ya kutofautisha hali hizo mbili kwa kupima, pasipo kubahatisha na pasipo kununua vipuri visivyohitajika.

Kwa nini jambo hili lisipuuzwe

Gari lililolala upande haliharibu sura tu. Kwanza, uzito haugawanyiki sawa kwenye magurudumu. Dereva anapofunga breki ghafla juu ya changarawe, gurudumu lililobeba uzito mdogo huteleza mapema na gari huvuta upande. Pili, gari lililoinuliwa limekwisha kupandisha kitovu chake cha uzito. Likiwa pia limeegemea upande, kona ya mlimani inayolisukuma kuelekea upande huohuo hulikuta limeanza kuinama kabla usukani haujakatwa. Tatu, springi iliyolemewa hufika mwisho wa safari yake mapema, ekseli ikagonga chesisi kwenye kila shimo. Mgonjwa aliyelazwa nyuma, akiwa na dripu mkononi au kidonda cha upasuaji, huupokea mgongo huo wote.

Jinsi gari linavyobebwa

Fundi hawezi kutafuta kosa katika kitu asichokijua umbo lake. Magari mengi ya huduma vijijini ni ya aina mbili. Ya kwanza ni Toyota Land Cruiser za msururu wa 70, zinazojulikana zaidi kwa jina la hadtopu. Zile za aina ya 78, zilizoanza kutoka mwaka 1999, zina springi za mviringo mbele na springi za bapa nyuma, na ekseli zake ni za mwamba mmoja mbele na nyuma. Aina ya pili ni Toyota Hilux. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 2005 zina springi za mviringo mbele, kila gurudumu likijitegemea juu ya mikono yake, na springi za bapa nyuma. Baadhi ya Hilux za kabla ya hapo hubebwa mbele na vyuma virefu vya kujipinda, ambavyo urefu wa gari hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza bolti ya kila upande.

Lipo jambo moja linalowapotosha wengi: shokapu. Kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko. Anayebeba uzito wa gari ni springi. Kwa hiyo, gari likilala upande, kubadilisha shokapu peke yake hakutalinyoosha. Fedha zitatumika, gereji itapokea malipo, na gari litarudi kituoni likiwa limelala vilevile.

Maandalizi kabla ya kupima

Kabla gari halijalaumiwa, sakafu ilaumiwe kwanza. Uwanja mwingi wa gereji umejengwa kwa mteremko ili maji yatoke. Gari lipimwe likielekea upande mmoja, kisha ligeuzwe na kupimwa likielekea upande wa pili mahali palepale. Ikiwa upande wa chini umebadilika pamoja na mgeuko huo, kosa ni la uwanja.

Upepo wa matairi uwe sawa kwa kila ekseli, na matairi yawe ya ukubwa mmoja na kuisha kulingana. Mizigo yote ishushwe. Jambo hili hupuuzwa sana katika magari ya wagonjwa, ambapo kabati la dawa, mtungi wa oksijeni na benchi la muuguzi huweza kuwa upande mmoja, machela upande mwingine. Tairi la akiba, jeki, betri ya pili na tangi la mafuta navyo vina upande wake. Kiasi cha mafuta kiandikwe, ili kipimo cha leo kilinganishwe na cha wiki ijayo kwa haki.

Kisha gari liendeshwe mwendo mfupi, walau kilomita chache zenye matuta, na lisimamishwe taratibu. Springi za bapa zina msuguano kati ya bapa na bapa. Gari lililotoka kushushwa kwenye jeki hubaki limening'inia na hutoa kipimo cha uongo.

Namna ya kupima

Kifaa kinachohitajika ni futi kamba na karatasi. Kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu, wima, hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Kipimo cha kutoka ardhini hadi kwenye bodi hakifai, kwa kuwa kinachanganya springi na upepo wa tairi. Aidha, kwa kuwa bodi iliyowahi kugongwa inaweza kuwa imepinda, kipimo cha pili kichukuliwe kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chesisi yenyewe. Vipimo viwili vikitoa majibu tofauti, bodi ndiyo iliyopinda, na springi haina hatia.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile kilichochukuliwa kabla ya kazi kuanza. Tofauti ndogo ya milimita chache kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida hata kwa gari jipya. Tofauti isiyozidi milimita 10 kwa kawaida haina haja ya kufukuzwa. Fundi asiyepima kabla ya kufungua hataweza kujua baadaye kama kosa amelikuta au amelileta.

Mfano wa kufuatilia kosa

Chukuliwe mfano wa hadtopu ya wagonjwa iliyoinuliwa kwa milimita 50. Namba hizi ni za kufundishia tu. Kabla ya kazi, mbele kushoto ilisoma milimita 480 na kulia 476. Nyuma kushoto 520 na kulia 516. Baada ya kazi, mbele kushoto ni 530 na kulia 512. Nyuma kushoto 574 na kulia 557. Tofauti ya milimita 4 imekuwa 18 mbele na 17 nyuma. Gari limelalia kulia.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Wakiona nyuma kumelala, hufungua springi za nyuma. Wakiona mbele kumelala, hufungua za mbele. Lakini chesisi ni ngazi moja ya chuma. Ikiinama mbele, itainama na nyuma. Futi kamba inaonyesha kwamba gari limelala. Haionyeshi ni ekseli ipi iliyolilaza.

Ili kujua hilo, magurudumu ya nyuma huwekewa kabari pande zote, kisha jeki huwekwa katikati kabisa ya mwamba wa mbele wa chesisi na kuinua mpaka magurudumu ya mbele yaachane kidogo tu na sakafu. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia chini ya gari wakati huo. Sasa mbele kumesimama juu ya nukta moja na hakuna uwezo wa kulazimisha gari liiname kokote. Kinachobaki kuliinamisha ni springi za nyuma peke yake. Katika mfano huu, tofauti ya nyuma inashuka kutoka 17 hadi 5, karibu sawa na ilivyokuwa kabla ya kazi. Springi za nyuma zimeachiwa huru.

Zoezi hurudiwa kwa kuinua nyuma katikati, kabari zikiwa mbele. Tofauti ya mbele inapanda kutoka 18 hadi 30. Maana yake ni kwamba springi za nyuma zilikuwa zikijitahidi kulisimamisha gari, na za mbele ndizo zilizokuwa zikililaza. Kwa nusu saa ya kazi na bila kipuri hata kimoja, eneo la kosa limepungua nusu.

Hatua inayofuata ni kuangalia bushi. Bushi za mpira hushikwa na bolti. Bolti ikikazwa wakati gurudumu linaning'inia, mpira hufungwa ukiwa umejipinda, na gari likishushwa mpira huo huendelea kusukuma kama springi ya ziada. Upande mmoja ukikazwa hewani na mwingine chini, gari litalala. Dawa yake ni kulegeza bolti zote za mikono gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kulisogeza mbele na nyuma mara kadhaa, kulibonyeza, kisha kuzikaza tena katika hali hiyo. Katika mfano huu tofauti inashuka kutoka 18 hadi 15. Kosa lilikuwepo, lakini halikuwa kubwa.

Hatua ya mwisho ni kubadilishana springi: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Ikiwa mlalo utahama pamoja na springi, kosa limo ndani ya springi. Ikiwa mlalo utabaki upande uleule, kosa limo katika mzigo, chesisi au kikalio cha springi. Katika mfano huu, baada ya kubadilishana, tofauti inakuwa milimita 3. Springi hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimefungwa kinyume. Watengenezaji wengine hutoa springi za kushoto na kulia zenye urefu tofauti kidogo, kwa kuwa upande wa dereva una mzigo usiopungua, na huzitambulisha kwa herufi, namba au alama ya rangi. Alama hiyo isomwe kabla ya kufunga, na iandikwe.

Makosa mengine yanayojitokeza mara kwa mara

Kwa springi za mviringo, ncha ya chini haikuingia kwenye mfereji wake ilipofungwa. Springi hukaa juu ya ukingo na upande huo hubaki juu, mpaka siku itakapojizungusha yenyewe na kushuka ghafla.

Kwa springi za bapa, kichwa cha bolti ya katikati hakikukaa ndani ya tundu lake juu ya ekseli, au bolti yenyewe imekatika. Hapo ekseli huweza pia kusogea nyuma upande mmoja, na gari likawa linakwenda kimshazari. Kipimo cha kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, kushoto na kulia, hufichua jambo hilo. Pia idadi ya bapa ihesabiwe. Si mara moja upande mmoja hukutwa na bapa moja zaidi.

Kwa Hilux zenye vyuma vya kujipinda mbele, mara nyingi kosa ni bolti za kurekebisha kukazwa kwa mizunguko tofauti. Marekebisho yake ni rahisi, mradi yafanywe kidogo kidogo na kupimwa kila mara.

Kwa Hilux za kuanzia mwaka 2005, endapo kila kitu ni kizima na bado upande wa dereva umeshuka, huweza kuongezwa kipande chembamba cha chuma juu ya springi ya upande huo. Ikumbukwe kwamba springi imekaa katikati ya mkono, si kwenye ncha. Hivyo kipande cha milimita 5 huweza kuinua gari kwa takribani milimita 10. Kipande hicho kiwe dawa ya mwisho, kisitumike kuficha bushi iliyokufa au springi iliyochoka.

Yanayobadilika pamoja na urefu

Gari likisimama sawa, kazi haijakwisha. Ekseli ya mbele ya hadtopu hushikwa ubavuni na chuma kimoja kinachotoka kwenye chesisi. Gari likipanda, chuma hicho huivuta ekseli upande mmoja, na dereva huona magurudumu ya mbele ya upande mmoja yametokeza kuliko ya upande mwingine. Pembe ya magurudumu ya mbele hupungua na usukani huanza kutangatanga, kwa hiyo upimaji wa mwelekeo wa magurudumu ni lazima. Mipira ya breki ikaguliwe ekseli ikiwa imening'inia kabisa, isije ikavutika. Propela shafti hubadilisha mwinamo wake, na taa kubwa huanza kuwamulika wanaokuja.

Jambo zito zaidi ni breki za nyuma. Magari mengi ya aina hizi yana vali inayopima mzigo kwa umbali uliopo kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Gari likiinuliwa, vali hudhani kwamba halina mzigo, na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari lililobeba mgonjwa, muuguzi na ndugu wawili, likishuka Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze, huwa linategemea breki za mbele kuliko inavyopasa. Vali hiyo irekebishwe kila gari linapoinuliwa.

Wajibu wa kila mmoja

Gari la umma haliongezwi urefu kwa makubaliano ya dereva na fundi barazani. Matengenezo na mabadiliko hupitia Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, au gereji iliyoidhinishwa, na ukaguzi hufanyika kabla na baada ya kazi. Msimamizi wa gari aulize swali la kwanza kabisa: je, kuinua kunahitajika? Springi ngumu iliyokusudiwa kubeba tani ya mpunga humtikisa vibaya mgonjwa mmoja aliyelala. Mara nyingine matairi yanayofaa na springi mpya za kiwango cha kiwandani hutosha.

Fundi atoe karatasi ya vipimo vinne vya kabla na vinne vya baada, na aonyeshe alama za springi alizofunga. Karatasi hiyo iambatishwe kwenye jalada la gari. Msimamizi asiyeipata asilipokee gari.

Dereva naye arudishe gari baada ya kilomita 500 hadi 1,000 ili nati za yubolti zikazwe tena, kwa kuwa springi mpya hukaa na nati hulegea. Katika kipindi hicho apime kila wiki. Hapa ndipo lile jibu la "zitashuka zenyewe" linapopata mizani yake: springi mpya zikishuka, hushuka pande zote kwa kiasi kinachokaribiana, na tofauti hupungua au kubaki palepale. Tofauti ikiongezeka wiki hadi wiki, hiyo si springi kukaa, ni kitu kinachoharibika, na gari lisimamishwe. Taarifa iandikwe kwenye kitabu cha safari siku hiyohiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika gari la wagonjwa, kifo hicho huweza kuwa cha mtu mwingine.

Ndugu madereva na mafundi, futi kamba haigharimu fedha nyingi, na dukani Sumbawanga, Laela au Mtowisa haikosekani. Kila gari la huduma liwe na moja kwenye kisanduku chake cha vifaa. Na kabla ya masika kuanza, kila gari lililoinuliwa lipimwe pembe zake nne, matokeo yaandikwe, na lenye tofauti inayozidi milimita 10 lipelekwe kukaguliwa kabla halijapangiwa tena safari ya bondeni.